Wageni wa Bi Tunu

Jioni ile mabata bukini walikuwa wamejilaza katikati ya njia ya baiskeli, kando ya bwawa, kama wenye hati ya kiwanja. Sengondo akashika breki. Alikuwa akiipeleka baiskeli ya marehemu mkewe, Tunu, kwa mnunuzi, na alitaka kuwahi asije akaghairi mwenyewe.

“Mzee, wapigie kengele wapishe!” alisema mama mmoja muuza mikate aliyesimama na baiskeli yake nyuma.

Akapiga. Mabata hawakupisha. Waliinuka wote, wakaja mbio, wakaanza kukidonoa kikapu cha mbele.

“Kumbe ni baiskeli ya Bi Tunu,” yule mama akasema, sauti imeshuka. “Kila jioni aliwalisha hapa. Wanaijua kengele yake.”

Kila jioni Sengondo alikuwa akimuuliza mkewe kwa nini amechelewa, naye Tunu akicheka: “Nilikuwa na wageni.” Hakuwahi kumuuliza wageni gani.

Yule mama akampa mkate. Sengondo akashuka, akaumega polepole. Mabata wakala, isipokuwa mmoja. Huyo alilipita gurudumu, akasimama, shingo imenyooka, akiitazama njia aliyojia Sengondo.

Sengondo akapiga kengele tena, kisha naye akageuka kutazama.