Mluzi wa Getini

"Mama, leo mfungulie akimbie, kama baba alivyokuwa akimfungulia."

Tangu tumzike mume wangu, mbwa wetu Soksi nilimtembeza kwa kamba tu. Niliogopa nikimwachia atakwenda kumtafuta.

Nikafungua ndoano ya kamba iliyokuwa shingoni mwake. Soksi hakusogea. Aliniegemea mguuni, akanitazama mdomo.

"Anangoja mluzi," binti yangu alisema. "Na wewe mama ukipiga unatoa upepo mtupu."

Akabana midomo, akaupiga bila kukosea mluzi ambao baba yake alikuwa akimwitia Soksi kutoka getini kila aliporudi nyumbani.

Masikio ya Soksi yakasimama. Akachomoka, akavuka uwanja mzima mpaka getini, akasimama pale akitikisa mkia, macho barabarani.

Nikafungua mdomo nimwite.

"Usimwite, mama. Mwache asubiri kidogo."