Kisu cha Matumizi ya Kila Siku

“Hiki kina dira,” alisema Aristides, akakiweka kisu cha kwanza juu ya kigoda.

Mzee Gabriel alikigeuza-geuza. “Dira ya nini, mwanangu? Nikipotea migombani, mke wangu huniita.”

Aristides alicheka kicheko cha mtu mwenye duka Kariakoo. Tangu nchi ilipofungua milango ya biashara alikuwa akileta mali kutoka Dubai, na Noeli hii alipanda mlimani akiwa na visu vitatu vya kukunja na neno moja moyoni: kurithi kihamba cha marehemu baba yake, shamba lote la ukoo, pamoja na ule ukanda wa kahawa na migomba uliopakana na Gabriel. Gabriel alikuwa akiulima miaka yote ile na kuuita wake. Wazee wangekuja kesho yake, baada ya misa, kuamua.

Aristides alizaliwa Dar, akakulia Dar. Kihamba alikijua kwa picha za mazishi.

Shangazi yake, Theopista, aliyekuwa akikitunza, alimwonya asubuhi ile kabla hajateremka mjini kulala na mgonjwa hospitali ya Mawenzi. “Usiongee na Gabriel, baba. Ushahidi wa kaka yangu umesimama wenyewe shambani. Wewe kula mtori, unyamaze.”

Aristides hakuuliza ni ushahidi gani. Mtu mwenye duka haulizi, huulizwa. Yeye aliona njia fupi zaidi: mpe jirani kisu kizuri, naye kesho mbele ya wazee atalegea.

“Chagua kimoja, mzee wangu. Zawadi ya Noeli. Kisu cha matumizi ya kila siku.”

“Cha kila siku,” Gabriel alirudia taratibu, kama mtu anayejibu sala. “Basi lazima tukijaribu. Kisu ni kama mchumba, siku ya kwanza kila mmoja ni mzuri.”

Wakajaribu. Kisu cha dira kilifungua soda, kikakata kucha, kikamenya ndizi. Kilikuwa hata na kipande cha kuparia magamba ya samaki, ingawa samaki wa kule juu hufika wamekwisha kaangwa.

“Kizuri,” alisema Gabriel. “Kwa mtu wa ofisini. Mimi siku zangu zote nakata vibichi. Hiki kitaweza?”

Wakatoka hadi pembeni mwa migomba, karibu na barabara. Gabriel alimwonyesha mche mmoja, shina jembamba, majani marefu kama mkanda. Kisu cha dira kilipinda. Gabriel akasikitika kwa heshima zote.

Cha pili kilikuwa na koleo, bisibisi na msumeno. Aristides alivua koti, akakereza. Shina likaanguka.

“Umeona, mzee?”

“Nimeona. Lakini hilo lilikuwa dhaifu, tusijidanganye. Tujaribu lile.”

Lile nalo likaanguka, na lililofuata, na la mbele yake. Kila shina lilipolala chini, Gabriel alikuwa na shaka mpya, na Aristides, ambaye hajawahi kushindwa na mteja, alisogea kwenye jingine. Hivyo hivyo wakateremka mpaka kwenye mfongo, mfereji unaoleta maji shambani.

“Una mkono mzuri,” Gabriel alimsifu. “Kumbe na Dar watu hufanya kazi.”

“Basi chukua hiki, mzee.”

“Ningechukua. Tatizo ni mizizi. Kisu kisichochokoa mizizi, huku kwetu ni cha kupakia siagi.”

Cha tatu kilikuwa kinene, cha kijeshi kwa maneno ya aliyekiuza. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Aristides alipiga magoti, shati limemganda mgongoni, akachokoa visiki kimoja baada ya kingine akirudi juu alikotoka. Gabriel alimfuata nyuma akiokota kila kipande, akifukia kila shimo kwa mguu na kulifunika kwa majani makavu ya migomba.

“Tusimwachie shangazi yako uchafu,” alisema.

Jioni kiganja cha Aristides kilikuwa malengelenge matupu. Gabriel akamrudishia visu vyote vitatu, vimefutwa vizuri.

“Umechagua kipi?”

“Haraka ya nini? Nitakujibu kesho, wazee wakiwepo.”

Aristides alilala usingizi wa mshindi. Mungu humpa kila mtu akili, ila hamlazimishi kusafiri nayo.

Kesho yake wazee waliketi, wakanywa mbege. Shangazi Theopista alikuwa ametoka hospitali akapitia misa moja kwa moja, hata kitenge hajabadili. Aristides alisimama, akazungumza habari za sheria, na haki, na ramani. Katikati ya maneno akamtupia Gabriel jicho, naye Gabriel akamwitikia kwa kichwa, kwa upole.

Kisu kinafanya kazi, aliwaza Aristides.

Mzee Wenseslaus, mkubwa wa ukoo, alimsikiliza hadi mwisho.

“Umesema vizuri, mwanangu, ila umejichosha bure. Baba yako alipanda masale, ile mimea ya majani marefu, kwenye mpaka, kutoka mfongoni hadi barabarani. Masale yakionekana, ukanda ni wako na Gabriel atatoa mbuzi. Yasipoonekana, ni wa anayeulima. Twendeni tukayaone, kisha tule.”

Wakaenda. Waliutembea ukanda wote, wakarudi wakiwa wameinama, wakisukuma majani makavu kwa fimbo. Shangazi Theopista hakuinama. Alimshika Aristides mkono, akamfungua kiganja, akayatazama malengelenge.

“Nimechagua, mwanangu,” alisema Gabriel nyuma yao. “Nipe kile cha tatu. Hicho ndicho kilichofanya kazi.”