Joto la Chumba cha Fenna

Kila Jelmer alipokiwasha kile kidude, kilimwambia, hata kikiwa bado jikoni, kwamba chumba cha binti yake kina nyuzi themanini na tano. Vipimajoto vya aina ile ndivyo vilivyo: hutoa namba hiyo ya uongo kabla havijaamka sawasawa. Akaandika mstari mmoja wa kukiamuru kipuuze jibu la kwanza, akakiunganisha tena na kompyuta juu ya meza ya jikoni.

Kule hospitali alisinzia kitini, na homa ya Fenna ikapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Daktari alimwambia hata angekuwa macho asingeweza kuizuia. Jelmer hakumwamini, na majuto yalikuwa yanamla.

"Weka chini hizo nyaya, mwanangu, unywe supu," alisema Tjitske, jirani yao mzee, aliyeingia kwa mlango wa nyuma na sufuria ya supu ya njegere. "Watu waliomleta si wameahidi kupita kila asubuhi kumwangalia?"

"Asubuhi, ndiyo. Na mchana je? Joto haliji kwa miadi."

"Wewe bwana! Hata mayai ya kuku uliyawekea kengele."

"Na yakaanguliwa yote."

Tjitske akamchotea supu bakulini. "Nipande nikamwone?"

"Mama yake kwanza. Kesho watakuja wenzake wa darasani, na rangi zao, walipambe sanduku lake. Wewe njoo nao."

Mama yake Fenna, Marit, alikuwa fundi wa mitambo melini, mbali kaskazini, na ndege yake ilikuwa imecheleweshwa na theluji. Kwenye simu hakusema mengi. "Nitunzie, Jelmer. Nataka nimkute alivyo." Tangu hapo Jelmer hakuwa na kazi nyingine duniani.

Akakifumba kipimajoto kiganjani. Namba zikapanda kwenye kioo cha simu, zikavuka kikomo alichokiweka kwa jaribio, na simu ikapiga kelele hata Tjitske akashtuka na mwiko wake. Akafungua kiganja. Baada ya muda namba zikashuka, kelele ikakoma. Jelmer akashusha pumzi.

Juu, hita ilikuwa imezimwa na dirisha liko wazi, pazia linacheza na upepo wa baridi kali. Akaupitisha waya wa kipimajoto chini ya blanketi, akaulaza ubavuni mwa Fenna, akaweka kikomo chenyewe kwenye simu, kisha akamchana nywele za kwenye paji kwa vidole.

"Safari hii baba hasinzii," akamwambia.

Marit alifika kabla ya giza. Alimkumbatia mumewe pale mlangoni, akamwomba amwachie nafasi, akapanda ngazi na koti lake na buti zake. Jelmer akarudi mezani, simu mbele yake, supu imeganda bakulini. Alisikia mbao za dari zikilia, kisha kitanda.

Simu ikalia.

Alizipanda ngazi mbili mbili. Marit alikuwa chini ya blanketi, amemkumbatia Fenna kifuani, kidevu juu ya kichwa chake. Kwenye simu namba zilikuwa zinapanda: sita, saba, nane.

"Marit," alisema taratibu, "mtu wa mazishi amesema joto lisivuke nyuzi tano mpaka siku ya kumzika."

"Najua. Niache nimpashe joto kidogo tu."

Jelmer akaizima kengele, akavua viatu, akapanda kitandani upande wa pili.