Jani la Mbaine

Makandi alifungua mfuko wa plastiki mbele ya baba yake mdogo, chini ya mbaine, mti mkongwe wa miraa aliouacha babu yake. Barafu aliyoibeba ya kuhifadhia sampuli ilikuwa ikiyeyuka, na bila jani moja changa utafiti wake wa chuo kikuu ungekufa hapohapo.

"Nataka kusoma herufi za urithi, DNA, zilizomo kwenye kijani cha jani lake, baba mdogo. Zimepangwa tatu tatu, na kila aina ya mti ina zile inazozipendelea."

"Mti huu haujaenda shule. Na mwanamke haugusi."

Baba mdogo akachuma jani changa yeye mwenyewe, akalitia mdomoni, akalitafuna polepole huku akimkodolea macho. Mate ya kijani yakamchuruzika kidevuni.

Makandi akausogeza mfuko hadi chini ya kidevu hicho.

"Tema humu, baba mdogo. Hata herufi zako nitazisoma."