Nani Aliiona?

"Koplo, hiyo video chafu uliiona kwa macho yako?" hakimu aliuliza.

Restituta, mwenye banda la video pale Kashaulili, aliyeshtakiwa kwa kuionyesha, alikishika kizimba kwa mikono miwili. Koplo akisema ndiyo, mama huyo anakwenda jela.

Koplo alitupa jicho benchi la nyuma. Mkewe alikuwa amekaa hapo na paroko. Jasho lilimchuruzika mpaka kwenye kola.

"Sikuiona, mheshimiwa. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani."

"Basi nani aliiona?"

Mashahidi wengine, wanaume wazima na ndevu zao, waliinamia viatu.

"Sasa mnamshtaki kwa lipi? Mama, nenda nyumbani!"

Restituta alijiziba mdomo kwa kitenge, kicheko kikamtokea puani. Kule bandani kwake, kila shahidi alikuwa na kiti chake.