Sweta za Bi Mwanafatuma

Sufyan alipozirai uwanjani katikati ya khutba ya Idi, wanaume wa safu ya pili walimfungua vifungo vya kanzu apate hewa. Ndani ya kanzu walikuta sweta. Sweta ya sufu, nyekundu, mikono mirefu, na shingo ndefu aliyokuwa ameikunjia ndani isionekane. Jua la Mwabungo siku hiyo lilikuwa la kukausha muhogo kabla ya adhuhuri.

"Ana homa huyu?" aliuliza mmoja.

"Hana," alijibu Mzee Sefu, jirani yake, akimpepea kwa ncha ya kikoi. "Ana mama kule Munje, afuma."

Hayo yalikuwa ya mwaka jana. Mwaka huu, Ramadhani ikielekea ukingoni, Sufyan alikuwa amesimama na mkewe Hasina mbele ya duka la nyuzi mjini Ukunda, jasho likimtoka kwa kuzitazama tu.

Jambo lenyewe lilianza kwa mapenzi. Idi ya kwanza baada ya babake kufariki, Sufyan alitaka kumliwaza mamake, Bi Mwanafatuma. Akakumbuka kwamba zamani mama alikuwa akifuma vitambaa vya makochi, basi akampelekea mfuko wa uzi wa sufu. Mwezi haukuisha, mfuko ukarudi Mwabungo na sweta ndani.

"Kumbe mama apenda kufuma hivi!" alisema Sufyan, machozi yakimlengalenga.

Tangu hapo, Idi ndogo uzi, Idi kubwa uzi. Kila uzi ulirudi sweta, na kila sweta ilibidi ivaliwe, kwa sababu baada ya swala Sufyan huenda moja kwa moja Munje kumwamkia mama, na mama hutazama kwanza kifuani.

"Baba Hadiya," Hasina alisema pale dukani, "mwaka huu tumpelekee leso. Doti moja nzuri ya kujifunga na udi kidogo."

"Leso? Mtu apenda kufuma, wewe wampa leso? Ataona nimemchoka."

"Na vidole vyake je? Juzi nimemkuta yuavikanda kwa mafuta ya karafuu."

"Ndiyo raha ya kazi hiyo. Wewe humjui mamangu. Uzi ukimwishia, siku hiyo hiyo hunipigia simu. 'Mwanangu, uzi umekwisha.' Ungeisikia sauti inavyomtetemeka! Mara ya mwisho nilimpelekea mwingine kwa bodaboda, kabla hata ya magharibi."

"Na wewe utazirai tena."

"Na nizirai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mama Hadiya. Wewe cheka tu."

Hasina hakucheka. Alimwonea huruma. Mumewe aliliogopa jua, lakini aliogopa zaidi kumvunja moyo mjane yule, ambaye, kwa hesabu za Sufyan, hakuwa na starehe nyingine duniani ila sindano zile mbili.

Mara Sufyan akapiga kofi. Wazo lilikuwa limemjia, na mawazo ya mtu aliyefunga saa tisa ya mchana ni ya kuangaliwa sana.

"Kosa letu ni kumpa uzi mchache! Twampa wa sweta moja, ndiyo maana humaliza. Tukimpa mwingi, atafuma na kufuma, na Idi kubwa itamkuta hajatoka begani. Yeye raha yake, mimi pumzi yangu."

Muuzaji, mtu wa bara, aliwajazia gunia la kwanza. Alipoombwa la pili, alishindwa kujizuia.

"Hii uzi huwa ya watu wa Limuru, kule kwa baridi, boss. Kwani mnahama?"

"Ni ya mamangu. Munje."

Muuzaji alilifunga gunia la pili.

Siku ya Idi, Sufyan aliswali na sweta ya buluu ndani ya kanzu na chupa ya maji ya barafu kwapani. Hakuzirai, ingawa alipotoa salamu chupa ilianguka ikabingirika hadi kwa Mzee Sefu, naye akairudisha kwa heshima. Kisha wakapanda tuktuk, Hasina, Sufyan na magunia, hadi Munje.

Bi Mwanafatuma alikuwa barazani na sinia la kaimati.

"Shikamoo, mama. Idi mubarak."

"Marahaba, mwanangu. Idi njema." Macho yake yalikuwa yamekwisha kuliona gunia. "Lote hilo?"

"Na jengine liko kwenye tuktuk, mama."

Bi Mwanafatuma aliweka mkono kifuani, akakaa kitako polepole. Machozi yakamtoka. Sufyan alimgusa Hasina kwa kiwiko: umeona?

Mama alijifuta kwa ncha ya leso, leso iliyopauka hata maandishi hayasomeki. Kisha, kama afanyavyo kila Idi, akachukua futi yake ya kupimia, akamzungusha mwanawe.

"Umenenepa."

"Ni sweta, mama."

"Mikono mirefu?"

"Mirefu. Na shingo iwe juu. Usijipunguzie, mama."

Bi Mwanafatuma aliiweka futi chini. Akaushika mkono wa Sufyan kwa vidole vilivyonukia karafuu.

"Mwanangu, mimi sikatai. Wewe wapenda sweta, nami ni mamako, nitakufumia hadi vidole vining'oke. Lakini tangu babako afariki, kila Idi waja na uzi wako nikufumie. Je, mimi nami zawadi yangu ya Idi, japo leso moja, utaniletea lini?"