Kitufe cha Tumbili

Hivi unajua Swala alikufa ameshika nini? Simu. Tumbili alikuwa ameunda app ya kuita msaada Fisi akitokea, akaijaribu ofisini, kwenye kiyoyozi, na tumbili wenzake.

"Bosi, tuijaribu porini kwanza," Swala alimsihi. "Sisi tuna kwato."

"Relax, dada. Users wote wameipenda."

Fisi alipotokea, Swala alibonyeza weee, kioo hakikutambua ukwato. Fisi alipomaliza kula, akabonyeza kwa kiganja chake laini. App ikaita. Ndugu za Swala wakaja mbio kusaidia, wakakuta ukoo mzima wa fisi unawangoja.

"Si mnaona? Inafanya kazi!" Tumbili akashangilia.

Nyie mliompa Tumbili kazi, shukeni porini. Vaeni kwato, kisha mbonyeze mbele ya Fisi.